Ploti Iliyokatwa kwa Msumeno

Kama kuna mtu Ruiru nzima aliyejua kununa, basi ni Kinuthia. Watu wengine hununa siku mbili, wakachoka, wakaomba chumvi kwa jirani na mambo yakaisha. Yeye alikuwa amenuna miaka ishirini na minane bila likizo, hata Krismasi hakupumzika. Na aliyenuniwa hakuwa adui. Alikuwa Ndambuki wa chumba namba tisa, rafiki yake wa kufa na kuzikana.

Jumanne moja asubuhi mkewe, Wakonyo, alimwamuru atoe takataka zake kwenye stoo kwa sababu vifaranga mia moja walikuwa njiani. Takataka, kwa lugha ya Wakonyo, ni vifaa vya fundi wa mashine aliyefanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda cha nguo, Eneo la Viwanda, Thika. Kinuthia aliingia stoo akinung'unika. Akatoa spana. Akatoa mikanda ya mashine isiyo na mashine. Akatoa redio tatu ambazo tangu mwaka wa 2009 alikuwa akisema atazitengeneza wiki ijayo. Nyuma kabisa, juu ya kabati, mkono wake ukagusa kitu kilichofungwa kwa gunia la sukari.

Alijua ni nini hata kabla ya kulifungua lile gunia. Alilifungua hata hivyo.

Ilikuwa nusu ya ploti. Ndiyo, ploti ile ile ya Makongeni, Thika, alikopanga pamoja na Ndambuki miaka kumi na saba, ila ndogo, ya mbao, ya kubebwa kwapani. Vyumba sita kwa mstari mmoja, milango ya kijani, paa la bati alilolikata mwenyewe kwa makopo ya mafuta ya kupikia na kulikunja mgongo mmoja mmoja kwa koleo. Kamba ya kuanika nguo ilikuwa uzi wa kiwandani. Kwenye uwanja kulisimama mfereji uliotengenezwa kwa ncha ya kalamu. Panya walikuwa wamekula kona ya namba moja, na bati lote lilikuwa limeshika kutu. Na upande mmoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ubao wa chini ulikuwa umekatwa kwa msumeno, mkato wa mtu mwenye hasira, unaokwenda huku ukirudi kule.

Wakonyo alichungulia mlangoni. "Hiyo nayo ni ya kuwashia jiko?"

"Hii si ya jiko."

"Nilijua utasema hivyo. Jana nilikuwa kwa simu na Mama Nzilani."

Mama Nzilani ni Syombua, mke wa Ndambuki. Hawa wanawake wawili hawakuwahi kununiana hata asubuhi moja. Waume wao walipoacha kuongea, wao waliendelea kutumiana mboga, kisha simu zilipokuja wakaendelea kwa simu. Walikuwa wamekubaliana kwamba huo ulikuwa ugonjwa wa wanaume na hauna dawa ya dukani.

"Landilodi ameuza ploti," Wakonyo alisema. "Inabomolewa Jumatatu, wajenge maghorofa. Wapangaji wote wametoka, amebaki namba tisa peke yake. Na wao wanaenda Jumamosi. Lori inaondoka saa sita, wanarudi kwao Matuu kabisa kabisa."

"Wafike salama," Kinuthia alisema, akapuliza vumbi juu ya paa.

"Baba Waceke, una miaka sitini na tisa. Unangoja nini?"

Kinuthia alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nusu ya ploti ikiwa magotini, na moyo wake ukawa mzito. Acha tuseme ukweli aliokuwa anauficha: alitaka kumwomba Ndambuki msamaha. Alikuwa ametaka kufanya hivyo miaka yote ishirini na minane, na kila mara aliona bado kuna wakati. Sasa wakati ulikuwa siku nne, na Matuu si mahali utakapokutana na mtu kwa bahati ukienda kununua sukari.

Kisa chenyewe kilianza na mashindano ya kazi za mikono katika ukumbi wa Makongeni, mwaka wa 1997. Kinuthia na Ndambuki, wote wa kiwanda kimoja na ploti moja, waliamua kutengeneza modeli ya nyumba zao. Ploti ilikuwa na safu mbili za vyumba zilizotazamana, uwanja katikati na mfereji mmoja wa wote. Kinuthia alikaa namba tatu, Ndambuki namba tisa, mlango ukitazama mlango. Wakagawana kazi: kila mtu ajenge safu yake. Kipimo kikawa nusu inchi kwa kila futi.

Kinuthia alipima chumba chake kwa tepu ya chuma ya kiwandani. Kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma, futi kumi. Ndambuki yeye hakuwa mtu wa tepu. Alikuwa amekulia akipima matuta ya shamba la baba yake kwa miguu, na aliapa kwamba hatua yake ni futi tatu kamili, hata akiwa na njaa. Akatembea chumbani kwake, akahesabu hatua nne. Futi kumi na mbili. Lakini hakuna aliyemtajia mwenzake hesabu hiyo, kwa maana vyumba vya ploti moja ni vyumba vya ploti moja, nani ataanza kuuliza? Kinuthia akakata ubao wa chini wa kutosha safu mbili za futi kumi na uwanja wa futi nane. Asubuhi ya mashindano, mbele ya watu, wakapanga safu zote mbili juu ya ubao kwa mara ya kwanza.

Safu ya Kinuthia ilikaa sawasawa. Safu ya Ndambuki ilining'inia nje ya ubao inchi nzima.

Jaji, mwalimu mmoja wa useremala, aliinama akaangalia kwa makini. "Hawa wa upande huu," akauliza, "wanalalia hewa?"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Kinuthia, aliyekuwa amevaa tai siku hiyo, alitamani ardhi immeze. Akasema kwa sauti kwamba Ndambuki anapima nyumba kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Ndambuki akamjibu kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma zaidi, "Njoo upime mwenyewe."

"Mimi nipite pazia la mke wa mtu na tepu mkononi?"

Na hapo lazima tumpe Kinuthia haki yake. Yeyote aliyewahi kukaa chumba kimoja na familia anajua pazia ni nini. Mbele ya pazia ni sebule: kochi, meza, kalenda ya kanisa, chai ya mgeni. Nyuma ya pazia ni kitanda, masanduku na mambo ya watu. Mgeni anaweza kunywa chai mbele ya pazia miaka kumi asijue kitanda ni cha mbao au cha chuma, na wakati huo Syombua alikuwa na mtoto wa wiki tatu huko nyuma. Mwanaume mwenye adabu zake hapiti. Kwa hiyo hakupita, hakupima, na hakunyamaza pia.

Alasiri hiyo alifanya jambo ambalo hadi leo halimpi usingizi mzuri. Aliazima msumeno, akakata ploti katikati ya uwanja, akaenda kuiweka nusu ya Ndambuki mbele ya mlango wa namba tisa. Mkato ulipita kando ya mfereji, na mfereji ukabaki upande wa Kinuthia. Ndambuki alitoka, akaitazama nusu yake.

"Na sisi tutachota maji wapi?" akauliza. Kisha akaibeba, akaingia ndani.

Hayo tu. Hakutukana, hakufoka. Laiti angetukana wangekuwa wamepatana kufikia Jumapili. Walikaa miaka minne zaidi wakisalimiana "jirani" na "jirani", kisha Kinuthia akajenga Ruiru, akahama.

Sasa huyu hapa, juu ya ndoo. Wakonyo alipokwenda zake, alichukua msasa akaanza kusugua kutu. Alijiambia kwamba anafanya hivyo kwa sababu ya kosa la Ndambuki: haiwezekani mtu aende Matuu kabisa kabisa bila kuonyeshwa kosa lake. Huo ndio uwongo aliojiambia Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Alibadilisha kona iliyoliwa na panya. Alipaka milango rangi kwa brashi ya viatu iliyopunguzwa manyoya. Mfereji ulikuwa umelegea, akaukaza. Alhamisi jioni alikwenda duka la vifaa vya ujenzi akanunua kipande cha plaiwudi na chupa ya gundi ya mbao, na Ijumaa akakata ubao mpya wa kubeba nusu zote mbili. Na kwa vile Kinuthia ni Kinuthia, aliukata kwa vipimo vile vile vya zamani: futi kumi, nane, kumi. Yaani alikuwa anaenda kuomba msamaha akiwa amebeba ugomvi uliopimwa upya.

Jumamosi asubuhi Wakonyo alimkuta akikunja gunia mara ya tano.

"Utaenda ama utaendelea kukunja gunia?"

"Naenda kumwonyesha tu."

"Mwonyeshe," Wakonyo alisema. Akamtundikia begi begani. "Nimekuwekea kitu kidogo humo. Usifungue fungue njiani."

Alifika Makongeni saa nne na nusu. Mtaa haukuwa umebadilika sana, ukiacha rangi za maduka: mama wa mahamri bado yuko kona ile, ingawa sasa ni binti yake. Lakini ploti ilimpa huzuni. Milango ilikuwa imeng'olewa, vyumba vimebaki wazi, na namba tatu, chumba alicholelea watoto watatu, mtu alikuwa ameacha ndani godoro lililopasuka. Uwanjani lori lilikuwa limeshafika, na dereva wake, kijana aitwaye Mwas, alikuwa amelala kwenye kiti miguu ikiwa nje ya dirisha.

Ndambuki alikuwa amechuchumaa mbele ya mlango wa namba tisa akifunga masufuria kwa kamba. Mvi zilikuwa zimemjaa kichwani, na goti moja lilikuwa limefungwa kitambaa. Aliinua uso.

"Jirani," akasema.

"Jirani," Kinuthia akajibu.

Hotuba yote aliyoitayarisha tangu Ruiru ikamtoka kichwani. Alikuwa na maneno mazuri, yenye mwanzo na mwisho, na sasa alikuwa amesimama tu kama mtu wa kusoma mita za stima. Kwa bahati nzuri Syombua alitoka ndani na ndoo mkononi.

"Baba Waceke! Umekonda. Mama Waceke hakupikii?" Akamshika mkono kwa mikono miwili. "Hiyo uliyofunga kwa gunia naijua. Ngoja."

Aliingia ndani akatoka na nusu ya pili. Kinuthia alitegemea kuiona imevunjika, au imegeuzwa kitu cha kuwekea vitunguu. Haikuwa hivyo. Ilikuwa safi, imepanguswa, na namba za milango zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu, saba hadi kumi na mbili. Na kwenye kile kipande cha uwanja kilichobaki, kulikuwa na vifuniko vya dawa ya meno, kumi na vitatu kwa hesabu, vimepangwa kwa mstari mmoja na kubandikwa kwa gundi. Mstari ulianzia mlango wa namba tisa ukaishia pale pale msumeno ulipopita.

"Hii ni nini?" Kinuthia aliuliza.

"Ni mitungi," Ndambuki alisema, bado anafunga masufuria. "Nzilani alikuwa na miaka sita. Siku ile ulileta hiyo kitu, alilia, akauliza hawa watu watachota maji wapi. Nikamwambia wapange foleni wangoje, mfereji utarudi. Akapanga. Kila dawa ya meno ikiisha, anaongeza mtungi. Sasa yuko na watoto wake Kahawa Wendani, na bado akija hapa anaangalia kama foleni imesonga."

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema, na kila mtu uwanjani hapo alijua, hata Mwas alikuwa ameshusha miguu. Lakini mdomo wa Kinuthia, ambao haukuwahi kumletea faida maishani, ulikataa. Badala yake alifungua gunia, akaweka ubao mpya juu ya ndoo mbili, akaweka nusu yake, akaichukua ya Ndambuki na kuipachika upande wa pili, mkato kwa mkato. Meno ya msumeno yaliingiana vizuri ajabu. Kichwa cha foleni kikafika kwenye mfereji.

Na nyuma, vyumba sita vya Ndambuki vikaning'inia nje ya ubao inchi nzima.

Ndambuki akatazama ile inchi. Akatazama ubao mpya, plaiwudi safi isiyo na hata mkwaruzo.

"Umetoka Ruiru," alisema polepole, "ukanunua mbao, ukaikata, ili unipe hasara ile ile?"

"Futi kumi ni futi kumi, bwana."

"Na hatua nne ni hatua nne."

"Hatua si kipimo! Miguu inazeeka, tepu haizeeki. Hata sasa ukipima na hilo goti, utapata hatua tano."

"Haya basi, pima," Ndambuki alisema. "Si una tepu yako mfukoni? Naiona hapo. Ingia upime. Pazia tulitoa asubuhi."

Kinuthia aligeuka kuangalia mlango wa namba tisa.

Kwa miaka kumi na mitatu, kabla ya msumeno, alikuwa amekunywa chai katika chumba hicho. Alikuwa amekula kuku wa Krismasi hapo, amelilia hapo alipofiwa na mama yake. Na hakuwa amewahi kukiona chote. Sasa kochi limetolewa, pazia limetolewa, kitanda kimefunguliwa vipande, na chumba kilikuwa wazi kutoka mlangoni hadi mwisho. Kiliendelea. Pale jicho lake lilipozoea kwamba ukuta utakuwa, hapakuwa na ukuta. Mtu hakuhitaji tepu kuona. Alikaa miaka mingi kwenye namba tatu, alijua urefu wa futi kumi kama anavyojua kimo cha mkewe, na hiki hakikuwa chumba cha futi kumi.

Alipima hata hivyo. Alipima upande wa kulia, akapima upande wa kushoto, akapima katikati. Kisha akavuka uwanja akapima namba tatu, akarudi akapima namba tisa tena, Ndambuki akimfuata nyuma huku anachechemea.

"Kumi na mbili," Kinuthia alisema mwishowe. "Na kwangu kumi."

"Safu hii ilijengwa baadaye," Syombua alisema kutoka mlangoni. "Landilodi alikuwa amenunua kipande cha nyuma. Si ndiyo maana kitanda chetu kilikuwa kinatosha na bado sanduku linakaa miguuni. Kwenu sanduku lilikuwa chini ya kitanda."

Wanaume wawili waligeuka wakamtazama.

"Wewe ulijua?" Ndambuki aliuliza.

"Hata Mama Waceke anajua. Nilipojifungua, nani alikuwa nyuma ya hilo pazia ananikanda na maji moto? Aliniambia siku hiyo hiyo, Mama Nzilani, nyinyi mko na nafasi."

"Na mkanyamaza? Miaka ishirini na minane?"

"Mlituuliza?" Syombua akachukua ndoo yake. "Mlikuwa mnapima ploti na tepu na miguu. Wenye kupanga vitanda hakuna mtu aliwauliza."

Mwas kule kwenye lori alianza kucheka, akajaribu kukigeuza kicheko kuwa kikohozi, kikakataa. Kinuthia naye, mdomo wake ukiwa bado wazi, akasikia tumbo lake likianza kutikisika. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, pale pale ambapo palikuwa kitanda cha watu. Ndambuki akakaa kando yake, akinyoosha goti bovu. Walicheka kama wazee wawili walioibiwa futi mbili mchana kweupe kwa miaka kumi na saba, na ukiangalia vizuri, ni mmoja tu aliyeibiwa.

Kicheko kilipoisha, maneno yalikuja yenyewe, na hayakuwa yale mazuri ya Ruiru.

"Ndambuki, nisamehe. Si kwa kipimo. Kwa kipimo sote tulikuwa sawa. Nisamehe kwa msumeno. Nilikuaibisha mbele ya mtoto wako, nikabaki na maji."

Ndambuki alifuta macho kwa kola ya shati. "Nilikusamehe mwaka wa 1998. Ila wewe hukuja kuchukua, na mimi nikaona aibu kukuletea."

"Ungetuma mtu."

"Ningetuma nani? Hao wawili waliokuwa wanajua kila kitu?"

Saa ilikuwa tano na nusu, na kazi ilikuwa imebaki. Wakaifanya. Ubao ulikosa inchi moja, na plaiwudi nyingine haikuwapo, basi Ndambuki akachomoa chaga moja ya kitanda chake, mti mgumu uliokuwa umemlaza tangu alipooa. Kinuthia aliikata kwa urefu wa futi mbili na nusu, kwa msumeno wa Ndambuki, taratibu, mkato ulionyooka. Wakaibandika kwenye ukingo wa ubao. Kisha wakapaka gundi kwenye nusu zote mbili, chini na kwenye mkato, wakazibana pamoja. Safu ya namba tisa ikakalia mbao ya kitanda chake. Ploti ilikuwa imepinda, upande mmoja mpana kuliko mwingine, na ilikuwa sahihi kabisa.

Mwas alipiga honi. "Wazee, saa sita. Nikichelewa barabara ya Garissa itaniweka mpaka jioni."

"Gundi bado," Kinuthia alisema. "Hii inataka saa ishirini na nne bila kutikiswa."

"Sasa lori langu linatikisa, mzee. Hilo siwezi kukudanganya."

Walitazamana. Ndambuki alijaribu kuishika peke yake, lakini ilihitaji mikono ya pande mbili, mmoja asukume huku na mwingine asukume kule, la sivyo mkato ungefunguka. Syombua alisema yeye anakaa mbele na dereva kwa sababu ya mgongo, na wala hakuwaangalia usoni alipokuwa akisema.

Kwa hiyo hivi ndivyo Kinuthia alivyohama Makongeni mara ya pili. Alipandishwa nyuma ya lori kwa kusukumwa, akakalishwa kwenye kochi la namba tisa katikati ya magodoro na masufuria, bega kwa bega na Ndambuki, ploti ikiwa juu ya magoti manne. Mmoja alisukuma kutoka namba tatu na mwingine kutoka namba tisa. Walipita Eneo la Viwanda, wakaonyeshana kwa videvu lango lao la zamani, maana mikono ilikuwa kazini. Walipita mashamba ya mananasi. Wakaanza kubishana kama aliyekaa namba tano alikuwa na jogoo au bata, na ubishi huo uliwafikisha mbali sana, karibu waanze kununiana tena.

Karibu na Matuu simu ya Kinuthia ililia ndani ya begi. Ndambuki alitoa mkono mmoja kwa uangalifu, akapapasa humo. Kabla ya kuifikia simu alitoa soksi mbili, shati la Jumapili, mswaki, na dawa za presha za wiki nzima zilizofungwa kwa kijikaratasi.

Kinuthia alizitazama zile dawa, akatikisa kichwa. Ndambuki akamwekea simu sikioni.

"Uko wapi, Baba Waceke?" Wakonyo aliuliza, na vifaranga walisikika nyuma yake.

"Tunaingia Matuu."

"Mlipima?"

"Tulipima. Na wewe tutaongea."

Wakonyo akacheka. "Tutaongea. Utarudi lini?"

Kinuthia aliutazama ule mkato, mstari mwembamba mweupe uliopita kando ya mfereji, na mitungi kumi na mitatu iliyokuwa imefika. Alibonyeza kidogo kwa kidole gumba. Ilikuwa inashika vizuri, hata mtu asiyejua mbao angeona.

"Siwezi kukwambia," alisema. "Gundi bado."